Siku Tulizomlisha Baba Chumvi

Wiki iliyopita msichana ninayelala naye chumba kimoja aliumwa bega kwa kubeba trei siku nzima hotelini. Akamwaga chumvi kavu kwenye sufuria, akaikaanga mpaka ikaanza kurukaruka, ili aifunge kwenye kitambaa ajikande. Mimi nilikuwa nimejilaza, nikichagua kama kawaida yangu rangi ya kuta za mkahawa ambao bado sina. Ile harufu iliponifikia nikakaa. Chumvi ikipata moto inanuka, kama hukuwa unajua; inanuka chuma, inanuka bahari iliyosahauliwa juani. Mate yalinijaa mdomoni, na nikajiona tena mtoto wa darasa la tatu, nimesimama kwenye mlango wa jiko letu la Al Thumama, hapa hapa Doha, namwangalia baba yangu akinywa.

Tuliishi kwenye vila. Ukisikia mtu wa Doha anaishi kwenye vila usimwonee wivu haraka, muulize kwanza wako familia ngapi ndani. Yetu ilikatwakatwa kwa mbao kama keki ya harusi. Sisi tulikuwa na chumba cha chini, na jiko tulishirikiana na Anti Topista, Mganda aliyesuka nywele za wanawake chumbani kwake. Ndege za uwanja wa ndege zilipita juu yetu chini sana. Kila ikipita moja, sufuria zililia rafuni, na hakuna aliyeinua macho.

Baba aliendesha lori la maji, lile lenye tangi refu mgongoni, akijaza matangi ya nyumba na ya sehemu za ujenzi ambako bomba halijafika. Kwetu ni Taita, maji yanateremka mlimani yakiwa baridi mpaka meno yanauma, kwa hiyo tulipofika Baba alifurahi sana kunieleza kwamba maji ya Doha ni bahari. "Wanaivuta, wanaitoa chumvi, wananipa mimi," alisema, kana kwamba baharini walikuwa wakimngoja yeye tu.

Alikuwa na presha. Hilo lilijulikana nyumbani kama inavyojulikana mahali pa kuwekea viatu. Chakula chake kilipakuliwa kabla chumvi haijatiwa, na asubuhi alimeza kidonge akikunja uso ili mimi nicheke.

Siku yenyewe ilikuwa alasiri ya kawaida. Nilikuwa sakafuni na kitabu cha hesabu, sufuria zikaanza kulia, nami kama kawaida nikangoja mngurumo wa ndege. Haukuja. Sufuria ziliendelea. Kisha taa ya darini ikaanza kubembea yenyewe, polepole, na maji kwenye ndoo yakajichora duara ndani ya duara. Nikahisi kichefuchefu, kama mtu aliyezungushwa akaachiwa. Anti Topista akatokea mlangoni na kitana mkononi, nyuma yake mteja aliyesukwa nusu ya kichwa.

"Mama Wakesho, nyumba inatembea."

"Ni ndege," Mama alisema kutoka jikoni.

"Ndege gani inasukuma ukuta, nyabo? Toka nje."

Mama alinishika kwa kola ya fulana tukatoka. Barabarani watu walikuwa wameshajaa kwenye jua lile, wengine peku, wakikanyaga kwa vidole kwa sababu lami ilikuwa inachoma. Baba mmoja Mfilipino alikuwa na taulo tu, povu la sabuni limemkaukia masikioni. Tulisimama tukitazama nyumba zetu. Hakuna kilichoanguka. Hata tofali. Ndiyo maana ilikuwa ngumu kuelewa kwa nini Mama hakuiachia ile kola, hata tuliporudi ndani.

Jioni televisheni ilituonyesha kilipoanguka. Ilikuwa ng'ambo ya bahari, Iran, kwenye vijiji vya nyumba za udongo. Mwanamke amekaa juu ya mlango uliolala chini, nyuma yake hakuna nyumba. Wanaume wanafukua kwa mikono. Mama alilia akisema maskini, maskini. Kisha ikaja ramani, na kwenye ramani kidole cha mtangazaji kikagusa sehemu pwani ya huko, palipo na mtambo wa nyuklia. Akasema mtambo haujadhurika. Lakini baada ya kusema hivyo wakaonyesha zile picha za zamani za Japani, bahari nyeusi ikitembea juu ya mashamba na kubeba magari kama makopo, halafu jengo refu likitoa moshi mweupe. Mtu mzima labda alisikia maneno. Mimi niliona moshi.

"Huko Japani ilikuwaje?" nikamuuliza Baba.

Baba alikuwa mtu wa kueleza kila kitu kwa gari. "Ardhi imekaa vipande vipande," akasema, "vinasukumana chini huko polepole, miaka na miaka. Kipande kikikwama kinabana, kinabana, siku kikiachia, ndiyo unaona nyumba zinacheza. Sasa Japani kiliachia chini ya bahari, bahari ikapanda juu. Ule mtambo ni kama injini. Ukiuzima bado ni wa moto, lazima maji yazunguke kuupoza. Bahari ikaingia, ikaua jenereta za kuzungusha maji. Umewahi kuniona nikiendesha na rejeta kavu?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Itachemka."

"Itachemka, itapasuka. Basi. Ikapasuka, ikatoa sumu. Watu wakahama na nguo walizovaa, wakaacha hata ng'ombe wamefungwa."

"Sumu gani?"

"Inaitwa mionzi. Huioni, huinusi."

Angeishia kwenye ng'ombe. Kwa mtoto, kitu ambacho hakionekani wala hakinuki kiko kila mahali. Nilikitafuta usiku mzima kwa masikio, na kesho yake nikakiona. Nilikuwa kwenye basi la shule, tukawa nyuma ya lori la maji kama la Baba, na mbele yetu juu ya lami niliona kile kitu kinachong'aa na kutetemeka kama dimbwi, ambacho ukikisogelea kinakimbia. Nilikuwa nimekiona mara nyingi. Ni mazigazi tu, joto la barabarani. Ila siku hiyo nilijua ni kitu gani, na nilijua kimemwagika kutoka wapi. Nikainua miguu yangu juu ya kiti mpaka tulipofika shule.

Nyumbani nilikuta wakubwa nao wameona yao. Kwenye kikundi cha simu cha akina mama wa kanisa ulikuwa umeingia ujumbe wa sauti. Sauti ya mwanaume, Mkenya, mpole kama mchungaji. Alisema mtambo umepasuka ila wanaficha. Alisema mionzi inakuja na maji ya bahari, na kwa kuwa Doha tunakunywa bahari, sisi ndio wa kwanza. Dalili ni kichwa kuuma, kutapika, uchovu, kutoka damu puani. Dawa ni chumvi yenye madini joto, kijiko kizima kwenye glasi ya maji, asubuhi na jioni, na wanaoshika maji kwa kazi wasikose hata mara moja. Anti Topista aliuchezesha ujumbe huo jikoni mpaka nikaujua kwa moyo.

"Wanaoshika maji kwa kazi," Mama alirudia.

Chumvi ya madukani hapa tuliiogopa. Nani ajuaye imevunwa bahari gani. Lakini Mama alikuwa na pakiti kutoka nyumbani, aliyoletewa na mtu aliyetoka likizo, na juu yake yaliandikwa yale maneno hasa, madini joto. Wanawake wa kanisa walikuja na vikopo wakagawiwa. Waliongea kwa sauti ya chini kama watu wa matanga. Chumvi ilikuwa imeshika unyevu ikawa mawe, kwa hiyo Mama aliiponda, akaikaanga. Hapo ndipo ile harufu iliingia kwenye mapazia yetu na kwenye nywele zangu.

Baba alirudi, akaikuta glasi mezani. Akaonja kwa ncha ya ulimi.

"Hii ni nini?"

"Kunywa tu, Baba Wakesho."

"Mimi na chumvi? Daktari alisema nini?"

"Daktari alisema kabla ya hii."

Alicheka. Alisema mtambo haujapasuka, maji yanapimwa kila siku pale wanapojaza malori, amemwona mpimaji kwa macho yake akinywa. "Watu wametoa chumvi kwa mashine za mamilioni," akasema, "ninyi mnairudisha na kijiko." Lakini Mama hakucheka. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, mikono katikati ya magoti, akasema maneno ambayo nimeyasikia tena na tena maishani mwangu yakisemwa na watu wengine kuhusu mambo mengine.

"Presha tumekaa nayo, tunaijua. Hii hatuijui."

Halafu akaanza kulia. Alikuwa halali tangu tetemeko, macho yalimvimba. Baba alimtazama, akanitazama mimi, akachukua ile glasi akainywa yote bila kupumua. "Haya," akasema, "sasa lala."

Ndivyo alivyoanza. Alikunywa ili mke wake apate usingizi. Mimi na Mama tulipewa ncha ya kijiko tu, nami yangu niliitapika kwenye sinki. Ya Baba ilikuwa kijiko cha kujaa.

Sijui nieleze vipi hofu ya siku zile. Haikuwa hofu ya kupiga kelele. Ilikuwa imekaa nasi mezani. Bombani tuliacha kunywa, tukanunua maji ya chupa kwenye bakala, lile duka la kona, na hata hayo tuliyainua kwenye mwanga tukayatazama kwanza. Tulioga haraka, midomo tumeibana. Ndege ikipita na sufuria zikalia, sote watatu tulitazama taa. Anti Topista, ambaye kazini mdomo wake haukuwa na breki, alisuka wateja kimya.

Kisha Baba akaanza kuumwa kichwa.

Alirudi kutoka kazini amejifunga kitambaa kwenye paji la uso. Miguu ilimvimba, kiatu kikawa hakiingii vizuri. Asubuhi moja alitapika. Nyingine aliinamia sinki, nikaona tone jekundu, na jingine, likienda na maji kwenye lile tundu. Mama alisimama nyuma yake amejishika mdomo. Kila mtu mle ndani alikuwa akiisikia ile sauti ya mchungaji ikihesabu: kichwa, kutapika, uchovu, damu puani.

"Imemwingia," Mama alimnong'oneza Anti.

"Ongeza," Anti akasema. "Banange, ongeza chumvi."

Wakaongeza.

Nami nilikuwa na hesabu yangu. Ikiwa imemwingia, basi inatoka. Ikiwa inatoka, inaniingia. Baba alikuwa na desturi akirudi ya kupiga magoti mlangoni kwa vumbi lake lote na kupanua mikono, mimi nikikimbia na kumgonga kifuani kama mbuzi. Siku ile ya damu alipiga magoti, mimi nikabaki nyuma ya mguu wa Mama. Aliweka mikono yake vile vile imepanuka kwa muda. Halafu akaishusha, akajifanya anafungua kamba za viatu. Kesho yake hakupiga magoti. Alipita pembeni ya ukuta kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumwagikia wengine, akala chakula chake karibu na dirisha.

Ijumaa ilifika. Huku kanisa ni Ijumaa, kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko. Mama alikuwa bafuni. Baba alisimama mbele ya kioo na shati jeupe, akihangaika na kifungo.

"Wakesho," akaniita. "Njoo unifungie hiki. Mkono umelala."

Nilikuwa mlangoni. Sikwenda. Alinigeukia akatabasamu, na tabasamu likapanda upande mmoja tu, upande wa pili wa mdomo ukabaki chini. Nilijua anafanya mchezo, kama ule wa kukunja uso akimeza kidonge. Nikacheka. Nilicheka kwa furaha kabisa, kwa sababu nilidhani baba yangu amerudi. Naye akaendelea kunitazama na uso ule, akateremka taratibu akiegemea kabati mpaka chini, kifungo kikiwa bado kati ya vidole vyake.

Kicheko changu ndicho kilichomtoa Mama bafuni.

Wanaume wa ambulensi walimfunga mkono kwa kile kitambaa cha kupimia, wakatazamana, wakaanza kwenda haraka. Hospitalini alitujia nesi Mkenya, mnene, na kalamu mbili zimechomekwa kwenye nywele. Mama alimshika mkono kabla hajauliza lolote.

"Sista, ni mionzi. Mume wangu anabeba maji. Imemwingia."

"Mionzi gani, mama? Hii ni presha. Imepanda mpaka mshipa wa kichwani umeziba. Dawa anakunywa?"

"Anakunywa."

"Chumvi je? Anakula?"

Mama alifungua mkoba. Alitoa simu, akamchezeshea ule ujumbe. Nesi alisikiliza kidogo tu, akainua mkono kuuzima. Nilimtazama kwa hofu, nikingoja agombe. Alivuta kiti akakaa, magoti yake yakagusana na ya Mama.

"Hii hata mimi nililetewa," akasema. "Dada yangu ndiye alinitumia. Watu wawili wa presha wameshapita hapa na hadithi hii hii. Mama, ng'ambo hakuna kilichopasuka. Maji ni mazima, yalikuwa mazima siku zote."

"Kwa hiyo ni mimi," Mama alisema.

Nesi aliinuka. Alimpapasa goti, akarudi ndani.

Kulikuwa na saa ambazo hatukujua kama ataishi. Mama alikaa na kiatu kimoja cha kanisani na kimoja cha nyumbani. Nilitaka kumuuliza kama Baba anakufa, ila niliogopa atanijibu.

Aliishi. Mkono wa kulia haukurudi wote, na lori halishikwi na mkono mmoja, kwa hiyo baadaye tulirudishwa nyumbani. Sasa analima kabichi Wundanyi kwa mkono mmoja na maneno mengi. Mimi nilimaliza kidato cha nne nikaja tena huku peke yangu, na ninakunywa maji ya bombani. Hivi karibuni nilisoma kwenye simu habari za wale watu wa Japani. Wapo wazee wengi waliohamishwa haraka kutoka hospitali na majumbani mwao, wakafa kwa safari yenyewe, baridi, na uchungu wa kung'olewa. Wapo watoto waliohamia shule za mbali, na wenzao wakawakimbia wakisema wana mionzi. Nilipofika kwa wale watoto niliiweka simu chini, nikaenda kusimama dirishani.

Lakini nikimkumbuka Baba wa siku zile, simkumbuki akianguka. Namkumbuka baada ya hapo, wodini. Nesi alikuja na bilauri, akamjaribu kwa kijiko, akaitikia kwa kichwa ameridhika.

"Anaweza kumeza," akamwambia Mama. "Mpe maji, kidogo kidogo."

Akaijaza bilauri kwenye bomba la ukutani, akampa, akaenda kwa wagonjwa wengine.

Mama aliishika kwa mikono miwili. Maji yalikuwa safi. Aliyainua kwenye mwanga kama tulivyozoea. Hakuna kitu kilichoonekana, na hicho ndicho tulichokuwa tumekiogopa muda wote, kile kisichoonekana. Niliona anataka kumwamini nesi, na mwili haumkubalii. Baba alikuwa anamtazama kutoka kwenye mto, midomo imempasuka kwa ukavu. Hakuomba. Jicho lake lilihamia kwangu, pale nilipokuwa nimejibanza ukutani, na kwa mdomo ule uliolegea akaniambia maneno ya kwanza tangu aanguke.

"Kaa... mbali... Wakesho."

Mwanzoni sikuelewa. Kisha nikaelewa kwamba hakuna aliyekuwa amemwambia maneno ya nesi. Alikuwa amelala pale akiamini kwamba imemwingia kweli. Yule mtu aliyetucheka, ambaye alimwona mpimaji akinywa, naye alikuwa ameogopa kama mimi, na alipopita pembeni ya ukuta alikuwa hanikimbii, alikuwa ananilinda.

Mama alisikia naye. Aliipeleka bilauri mdomoni mwake mwenyewe akaanza kunywa. Niliona koo lake likipanda na kushuka, maji mengine yakimteremkia kidevuni hadi kwenye gauni. Alikunywa mpaka ikabaki nusu, akafuta mdomo kwa mgongo wa mkono, akamtazama Baba machoni.

"Hayana kitu," akamwambia. "Hayakuwa na kitu. Ni chumvi yangu."

Akampandishia kichwa na kuanza kumnywesha. Baba alimeza, akakohoa, akameza tena. Nikatoka ukutani. Kitanda kilikuwa kirefu kuliko mimi, kwa hiyo nilikanyaga chuma cha gurudumu, nikapanda, nikaweka kichwa changu pale kifuani ambako nilikuwa nagonga kila siku. Mkono mmoja haukuweza kunikumbatia. Ule mwingine ulikawia, ukiwa hewani juu yangu, bado unaogopa. Nikaushika mwenyewe nikauweka mgongoni kwangu.

"Na mimi nina kiu," nikasema.

Mama akanipa yaliyobaki.